Mtu Wangu Alisema, Mimi Sikusema

"Hiyo sheria ni ya ujinga, na nilisema tangu mwanzo ni ya ujinga!" Maurice alikuwa amesimama, kichwa karibu kigonge mabati. "Mtu ashinde vizuri, halafu yule ameshindwa ndiye apewe neno? Wapi umeona? Kwa mpira timu ikifungwa inapewa goli ya pole?"

"Haikukuuma wakati ulikuwa unapewa wewe," Metrine akamwambia bila kuinua macho. Alikuwa anashona kifungo kwa shati ya shule ya mtoto wa watu. "Juzi si uliomba mtu wangu akupikie samaki mbele ya soko yote? Nikapika. Nililia?"

"Samaki ni samaki."

"Na neno ni neno," akasema Frankline.

Frankline alikuwa ameketi kwa debe la maji, mgongo ukutani, mikono katikati ya magoti. Yeye na Maurice ni tumbo moja, wameachiana ziwa. Maurice ndiye kifungua mimba, Frankline akafuata. Ukiwaona wamekaa pamoja ungedhani mkubwa ni Frankline, kwa vile alikuwa mzito wa mwili na mpole wa maneno. Maurice alikuwa mwembamba, macho hayatulii, na hata akikaa mguu mmoja ulikuwa unacheza kama wa mtu anayengoja gari.

"Jameni," akasema Werema. "Mniambie kwanza. Hapa nani anaongea, Maurice ama Radar?"

"Ni Maurice! Radar leo hana mdomo!"

Huyo Radar si mtu wa kutembea. Radar hajawahi kuzaliwa. Ni mtu wa mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuja Awendo na Werema. Werema ni Mkuria, kwao ni upande wa Kehancha, alikuwa anatengeneza redio kwa kibanda karibu na stendi. Alipokuwa shule kulikuwa na mwalimu mzungu wa kujitolea, kijana hivi, ambaye Jumamosi aliwakusanya wanafunzi mezani. Kila mmoja anatunga mtu wake, anampa jina, kazi na tabia, halafu mwalimu anasema: mko mahali fulani, mvua inanyesha, kuna mtu anagonga mlango, wewe unafanya nini? Basi kila mtu anajibu kwa niaba ya mtu wake, na hadithi inatembea. Wakikwama, mwalimu anarusha dadu zake za pande nyingi, zinaamua. Mkataba wake ulipoisha alirudi kwao, na dadu akaenda nazo.

Hata angeziacha zisingesaidia. Chumba walichokuwa wanachezea, ambacho Metrine alikuwa amepanga kwa kazi ya cherehani, kilikuwa cha Mama Milka, na Mama Milka ni Msabato wa kusema na kutenda. Siku moja alikuta dadu ya ludo kwa dirisha. Aliibeba kwa karatasi kama mtu aliyebeba panya, akaenda akaitupa chooni. "Askari waligawana nguo za Yesu kwa kura," akawaambia, "na kura ni dadu. Kwa nyumba yangu, hapana." Wakamwitikia, "Sawa, Mama." Chumba kilikuwa na kivuli, na Jumapili mchana hakuna mahali pengine Awendo unaweza kukaa bila kuambiwa ununue kitu.

Kwa hivyo wakacheza bila dadu. Werema akawa refa. Wakatunga mji kando ya maji, wakauita Kwoyo, maana yake mchanga. Metrine akawa Mama Petroli, mama mwenye maneno makali anayeuzia boti mafuta. Frankline akawa Fundi Daraja, mjenzi. Maurice akawa Radar, mwenye boti yenye injini, nyumba ya mabati, na miwani ya jua ambayo hatoi hata akilala.

Shida ilikuwa moja. Watu wawili wa hadithi wakitaka kitu kimoja, nani apate? Kwanza ilikuwa mwenye sauti kubwa, na hapo Maurice alishinda mpaka wenzake wakachoka. Baadaye ikawa refa aamue. Werema akaamua mara mbili tatu, Maurice akamwambia unapendelea wanawake, Metrine naye akamwambia unaogopa Maurice, na Werema akakaa Jumapili nzima akiwa amenuna, anatengeneza redio ya mtu badala ya kusimulia. Sheria zao zilizaliwa hivyo, kila moja kutoka kwa ugomvi wake. Mtu wa mwenzako humgusi kimyakimya. Unasema unachotaka kumfanyia, mwenyewe anajibu. Wakigongana, refa anawauliza wote wawili swali moja: "Utatoa nini?" Yule ambaye mtu wake atatoa kitu kizito zaidi, ndiye anashinda. Uzito unapimwa na wale wengine walio mezani. Ukishatoa, hakirudi. Ukitoa boti yako ili ushinde, Jumapili inayofuata unatembea kwa miguu.

Ile ya mwisho, ile ya neno, ilikuwa ya Metrine. Kulikuwa na kijana mmoja wa karakana alikuwa anacheza nao, akashindwa siku tatu mfululizo, akaenda asirudi tena. Metrine akasema kwao Kakamega hata mgeni aliyekuja kuomba kitu akanyimwa, hatoki mikono mitupu, anapewa hata ndizi ya njiani. Basi aliyeshindwa apewe neno moja. Anamwambia aliyeshinda, sema hivi ama fanya hivi, na mtu wa aliyeshinda lazima aseme kwa mdomo wake ama afanye, mbele ya wote. Wakacheka, wakakubali. Wengi walikuwa wanaombana vitu vya kuchekesha tu.

Maurice alipenda mchezo huu kuliko mtu yeyote. Na ukijua maisha yake huwezi kushangaa.

Aliacha shule akiwa kidato cha pili. Hakufukuzwa, aliamka tu asubuhi moja, akavaa yunifomu, akafika njia panda, akaenda upande mwingine. Akavua samaki Sori kwa boti ya mtu. Akachoka, akaenda Makalda kuchimba dhahabu, akakaa ndani ya shimo mpaka siku shimo la jirani lilipoanguka, akatoka na asirudi hata kuchukua blanketi. Sasa alikuwa mkata miwa Awendo. Mikono yake ilikuwa na mistari ya majani ya miwa kama mtu aliyekwaruzwa na paka wengi. Kila mahali alipofika alisema hapa ni kwa muda tu.

Kwao ni Mbita. Baba yao alikuwa amekufa, na siku ya mazishi wajomba na baba wadogo walimwita Maurice mbele ya watu, wakampa kiti cha baba akikalie. Akakaa. Alikuwa kijana wa kunyoa mara moja kwa mwezi. Alikaa kwa kile kiti akaona macho yote, ya wazee na ya mama yake, yamemwekea kitu begani ambacho hakujua kichwa chake wala miguu. Wiki ile ile akarudi Sori. Tangu hapo nyumbani anapita tu. Analeta sukari, anasalimia, kabla jua halijaenda upande ule mwingine ashatoka.

Na hapo ndipo Frankline alipokwama. Kwao Waluo, mkubwa ndiye anajenga kwanza. Mdogo harukii. Akirukia bila ruhusa, watu wanaogopa chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao hospitali inatafuta haioni, na hujui kama ni wewe umekosa ama ni mtoto wako. Kuna njia mbili. Mkubwa anaweza kuja aweke kibanda chake, hata kama ni kidogo kama cha kuku, lakini kwa mikono yake mwenyewe, halafu mdogo anafuata. Ama mkubwa anaweza kusema kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, pita. Lakini akisema pita, amepitwa. Hawezi tena kurudi akajenga mbele. Amekuwa mtu wa nyuma kwa boma la baba yake, na watoto wake, kama atapata, watakuwa wa nyuma.

Frankline alikuwa na mtu wake, Cate, msichana wa Rusinga, na walikuwa na mtoto. Cate alikuwa bado kwao na huyo mtoto, kwa sababu Frankline hakuwa na mlango wa kumwingiza. Kwa nyumba ya mama yake haiwezekani, ni mwiko. Baba yake Cate alikuwa mtu mvumilivu, lakini hata yeye alikuwa ameanza kuuliza, hivi huyu kijana mtoto wake atatembea akitafuta baba yake wapi? Kwa hivyo Frankline kila akija Awendo kufanya vibarua vya ujenzi, alikuwa anamwambia ndugu yake, "Braza, njoo basi uweke hata kibanda. Mimi nitakusaidia kukandika." Na Maurice alikuwa anamjibu, "Nitakuja." Alikuwa anasema nitakuja mpaka neno lenyewe likaisha ladha.

Sasa, ile Jumapili iliyopita, Radar na Fundi Daraja waligongana huko Kwoyo. Kulikuwa na kiwanja kizuri ufukweni, na wote wawili wanakitaka. Refa akauliza, utatoa nini? Fundi Daraja akatoa vyombo vyake vyote vya kazi. Radar, kwa kiburi chake, akatoa boti. Metrine akasema boti ni nzito zaidi, kwa maana fundi anaweza kuazima nyundo. Radar akashinda kiwanja.

"Haya, neno lako," Werema akamwambia Frankline.

Frankline alivuta debe karibu na meza. Halafu akasema, "Radar aseme: ndugu yangu, jenga, mimi sina neno."

Wakacheka wote. Maurice alikuwa amekunywa chai ya nguvu, moyo ulikuwa juu, ameshinda. Akasimama, akaweka mkono kifuani kama mzee wa baraza, akanyoosha mwingine. "Owadwa, ger! Aonge gi wach!" Ndugu yangu, jenga, sina neno. Akasema mara ya pili kwa sauti ya kutetemeka kama mzee kabisa, mpaka Metrine akadondosha sindano. Frankline naye alicheka. Lakini alicheka kama mtu aliyeshika kitu chini ya shati.

Katikati ya wiki, Maurice akiwa ametoka shambani, shingo inawasha, alipita sokoni. Mama mmoja wa kuuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Mbita, anayemjua tangu akiwa mtoto, akamwita.

"Kumbe umekuwa mwanaume! Umempa mdogo wako njia."

"Njia gani, Mama?"

"Usijifanye. Nguzo zishakatwa, zimelala kando ya nyumba ya mama yako. Jumanne wanachimba shimo. Mama yako Phelesia anatembea akiimba. Anasema Mungu amefungua mdomo wa mwanawe."

Maurice alisimama pale na pakiti ya chumvi mkononi. Kuimba kwa mama yake ndiko kulimchoma. Tangu baba afe hakuwa amesikia mtu akisema mama yake ameimba.

Ndiyo maana hii Jumapili hakukaa.

"Nikuulize," akamgeukia Frankline. "Ulimwambia Mama ni Radar alisema? Ulimwambia kuna mchezo, kuna refa, kuna Mama Petroli?"

"Nilimwambia umesema."

"Umesema wapi?"

"Mbele ya watu. Mashahidi hawa hapa. Ulisema ama hukusema?"

"Mtu wangu alisema! Mimi sikusema!"

Metrine aliacha kushona. "Frankline, hapo umekosea, ndugu. Ya mezani ni ya mezani. Ingekuwa kila kitu tumesema hapa ni kweli, mimi ningekuwa nishafungwa kwa kuchoma kituo cha polisi cha Kwoyo."

"Nakubali," Frankline akasema polepole. "Mimi si mtoto. Najua Radar ni Radar. Lakini wacha niulize kitu kimoja, na mniambie nyinyi. Tangu tuanze huu mchezo, Radar anaongea lugha gani?"

Metrine akamwangalia Werema.

"Kiswahili," akajijibu. "Kwa sababu Werema hasikii Dholuo, Metrine hasikii. Radar hajui Dholuo hata salamu. Radar ni mtu wa Kwoyo. Sasa ile siku, braza, ile Dholuo ilikuwa ya nani?"

Werema aliangalia meza. Nje, Mama Milka alikuwa anapepeta mahindi, na ukasikia ungo umesimama.

"Hiyo ni ya kuchekesha tu," Maurice akasema mwishowe.

"Hukucheka mara ya pili."

"Nilicheka!"

"Sisi ndio tulicheka."

"Omera, ndugu, wewe unanifanyia kesi ya mahakama? Umenitega! Ulikuja hapa Jumapili ngapi, ukikaa kwa hilo debe, kumbe unatafuta tu mahali mdomo wangu utateleza!"

"Ndiyo," Frankline akasema. "Nilikutega. Nilijaribu kukuomba, ukasema nitakuja. Nilituma wazee, ukatoroka kwa mlango wa nyuma ya hoteli kama mwizi wa kuku. Ningefanya nini? Radar ndiye mtu pekee wa kwetu ambaye anapatikana."

Maneno hayo yakagonga chumba kizima. Metrine akafunika mdomo. Maurice akaenda kwa dirisha, akarudi, akaenda tena. Mama Milka akaita kutoka nje, "Nyinyi watoto, kama ni ngumi mwende barabarani, si kwa nyumba yangu!"

"Hakuna ngumi, Mama," Werema akajibu. Halafu akashusha sauti. "Mimi sijui mambo ya kwenu. Kwetu pia kuna mkubwa na mdogo, lakini kila mtu na zake. Mimi ninajua refa tu. Mmegongana. Mnataka kitu kimoja. Niwaulize kama tunavyoulizana?"

"Huu si mchezo," Maurice akasema.

"Nani amesema ni mchezo? Nauliza tu. Frankline. Utatoa nini?"

Nje ungo wa Mama Milka ukaanza tena. Frankline aliongea akiangalia mikono yake.

"Nitatoa nyumbani. Maurice akisema nisijenge, sitajenga. Nguzo watoto wachome kuni. Nitaenda Rusinga, baba yake Cate anipe kona niweke kitanda. Nitakaa kwa wakwe. Na nikifa, wanizike huko."

Werema hakuelewa uzito wake mara moja, lakini aliona uso wa Maurice, akaelewa. Mwanaume wa kwao kukaa kwa wakwe, akalishwa na wakwe, halafu azikwe kwa udongo wa wakwe kama mtu asiye na kwao! Hata mlevi wa mwisho wa ufukweni akifa watu wanachanga wamrudishe kwao. Frankline hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa shati lake mwenyewe na kulikunja.

"Haya. Maurice," Werema akasema. "Utatoa nini?"

Maurice akatafuta. Alisimama pale katikati ya chumba cha kushonea, vipande vya nguo chini ya miguu, akatafuta kitu chake kizito. Boti ilikuwa ya Radar, na ilishatolewa. Nyumba ya mabati ilikuwa ya Radar. Kiwanja cha ufukweni kilikuwa cha Radar. Yeye alikuwa na panga ya miwa, sufuria, godoro, na jina la kifungua mimba. Hilo jina ndilo alikuwa amelishika muda wote huu kama mtu aliyekalia kiti kwa gari na hataki kushuka wala kusafiri.

"Sina," akasema.

"Sema vizuri, mimi hapa ni refa."

"Nimesema sina! Unataka niimbe?"

Werema akamwangalia Metrine. Metrine ndiye alipaswa kupima, na hakutaka. Alikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Ya Frankline ni nzito," akasema kwa sauti ndogo. "Pole, Maurice. Hata mtoto angeona."

"Kwa hivyo Frankline ameshinda," Werema akasema. "Na wewe una neno."

Maurice akacheka, kicheko kikavu. Hiyo sheria ya ujinga. Akamwangalia mdogo wake. Angeweza kumwomba chochote, na alijua Frankline atasema, kwa sababu Frankline ni mtu wa kushika alichokubali. Angeweza kumwambia sema wewe ni mwizi. Ilikuwa mdomoni kabisa.

"Sema hukupewa ruhusa," akasema.

Frankline akainua kichwa.

"Sema: mimi Frankline sijapewa njia na Maurice, ni mchezo nilileta nyumbani. Sema kwa Dholuo. Na ukifika Mbita umwambie Mama hivyo hivyo, kabla hajaenda kanisani na hiyo nyimbo yake."

"Maurice, unataka niue mama yangu na aibu?"

"Nataka usijenge juu ya Radar! Ukichimba shimo Jumanne juu ya hayo maneno, siku mtoto wako atakohoa, utaniangalia mimi. Siku Cate atakonda, utaniangalia. Utasema, labda ile siku hakumaanisha. Mimi sitaki kuangaliwa hivyo maisha yangu yote. Sema."

Frankline akafuta uso kwa kiganja. Hakuwa analia, lakini uso ulikuwa umelowa. Akasema. Alisema kwa Dholuo, neno kwa neno, sauti yake inakatika kama redio yenye betri za zamani. Alipomaliza, hakuna aliyejua aangalie wapi. Metrine na Werema hawakusikia lugha, lakini walisikia.

"Basi," Frankline akasema. "Umefurahi? Sasa sina njia, sina neno, niko pale pale nilipokuwa. Na nguzo zinakauka."

"Jumanne usichimbe."

"Nitachimba nini sasa?"

"Nimesema usichimbe mpaka unione."

Frankline alimwangalia ndugu yake muda mrefu, vile mtu anaangalia noti aliyopewa gizani. "Nitakuona," akasema. Lilikuwa kama lile nitakuja la Maurice, ila sasa limetoka kwa mdogo, na Maurice akasikia vile linavyokuwa ukiwa upande wa kulipokea. Halina kitu ndani.

Maurice akatafuta viatu vyake mlangoni. Kimoja kilikuwa kimesukumwa chini ya cherehani. Kichwani mwake alikuwa tayari ameona kile kibanda: mlango mfupi, udongo bado mbichi, na ndani hakuna mtu. Nyumba isiyolaliwa watu wanaisema vibaya. Wanasema inamwita mwenyewe. Akishaweka nguzo ile ya kwanza, kila jamaa atakayepita pale atauliza mwenye hii ni nani, yuko wapi, mke wake yuko wapi, na jina litakalotajwa ni lake. Hatakuwa tena mtu wa kupita na sukari. Na msimamizi wa kikosi cha wakata miwa hangoji mtu. Akikosa kesho, sehemu yake itapewa mwingine, na ataanza tena kutafuta mahali pa kwa muda tu.

"Unaenda wapi?" Metrine akamwuliza. "Tumeanza saa hii. Radar ako katikati ya soko, ameacha mlango wazi."

"Mtoe."

"Nimtoe vipi? Afe?"

"Fanya unachotaka naye, nyamera, dada yangu. Mpe mtu mwingine."

Werema akasema, "Maurice, keti kwanza tunywe chai. Haya mambo hayakimbii."

"Panga ya miwa haiwezi nguzo ya mti wa siala," Maurice akasema, kama mtu anayejibu swali lingine. "Nyembamba sana, inaruka. Ombui ana shoka."

Ombui ni mpasuaji kuni wa nyuma ya soko. Frankline akasimama kutoka kwa debe. "Nguzo nimeshakata, braza. Ziko nyingi. Tumia zile."

"Zile ni zako." Maurice hakugeuka. "Mimi nitakata zangu."

"Basi ningoje twende pamoja."

"Usinifuate. Na usimwambie mtu nakuja. Nikishindwa njiani, iwe nimeshindwa peke yangu."

Alivaa kile kiatu bila kufunga kamba, akainama chini ya mlango, akampita Mama Milka na ungo wake bila hata kumwamkia, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Jua lilikuwa bado kali. Jumapili Ombui hufunga mapema, na hupenda kuuliza maneno mengi kabla ya kumwazima mtu shoka, kwa hivyo Maurice alienda haraka.